Safari ya Siri kwa Bwana Bendera

Nitaeleza yote kama yalivyokuwa, na ukimaliza kusoma utanichukia kidogo. Usijali, mimi mwenyewe nimekutangulia.

Kazi yangu ni kuongea. Kila Jumamosi ya pili tunaliwasha garimoshi la zamani, lile lenye injini ya mvuke na mabehewa matano ya mbao yaliyopigwa vanishi, na tunawapakia watu wazima wenye akili zao tunakwenda nao wasikokujua. Ndiyo biashara yenyewe. Tiketi haina jina la stesheni. Imeandikwa saa ya kuondoka, saa ya kurudi, na maneno "vaa viatu vya kutembelea." Mhasibu, daktari wa meno, mwalimu mkuu, wote wanapanda wakicheka wenyewe kama watoto waliotoroka shule. Anayejua tunakokwenda ni dereva na meneja, basi. Hata mimi huambiwa asubuhi ile ile.

Ili siri isivuje tuna desturi yetu. Nje kidogo ya mji reli inagawanyika njia tatu. Kabla ya kufika hapo, wahudumu wanapita kila behewa na kushusha mapazia yote, na hayapandishwi kwa dakika ishirini, kwenda na kurudi. Ndani kunakuwa giza la mchana, joto, vumbi la vitambaa vya zamani, na hakuna cha kutazama. Hapo ndipo mkate wangu ulipo. Ninaketi kwenye kijichumba cha behewa la kwanza, nashika kipaza sauti, na kila behewa lina spika yake juu ya mlango. Dakika ishirini zile ni zangu.

Mwezi wa kwanza nilikuwa nachemsha. Niliwasomea uzito wa injini, upana wa reli, mwaka wa kutengenezwa kwa magurudumu. Watu walikoroma mpaka nikawasikia kupitia mlangoni. Meneja wetu tunamwita Kipenga, kwa sababu ananing'iniza shingoni kipenga cha walinzi wa treni wa zamani, ingawa yeye alikuwa akiuza samani kabla ya kuja kwetu. Kipenga akaniita pembeni. "Dada, hawa hawajaja kufanya mtihani. Wachekeshe. Ukishindwa niambie mapema, nitafute mwingine."

Jumamosi iliyofuata, nikiwa nimeishiwa kabisa, niliwapa Bwana Bendera.

Bwana Bendera, katika kisa changu, alikuwa mtembea reli, yaani mtu anayetembea juu ya reli kila asubuhi na nyundo na spana, akigonga hapa, akikaza nati pale, kabla treni haijapita. Siku moja treni ya mwendo kasi inakuja, imembeba mkubwa wa serikali na ujumbe wake. Bwana Bendera anatokea katikati ya reli anapunga bendera nyekundu. Treni inafunga breki, mkubwa anamwagikiwa chai mapajani. "Kuna nini?" "Reli ina ufa!" Wahandisi wanakuja, wanatafuta saa tano nzima. Ufa hawauoni. Wanapomgeukia wanamkuta anapepesuka, amelewa chakari, na bendera aliyoshika si bendera. Ni gagulo jekundu la mkewe.

Waliangua kicheko mpaka mapazia yakatikisika. Kipenga alinipigia makofi. Tangu siku ile, miaka miwili, kila safari nilisimulia kisa hicho, na kila mara niliongeza chumvi kidogo. Abiria waliorudi waliwaleta wageni wao wakisikie. Pale pa gagulo walikuwa wakinisaidia kusema, behewa zima kwa pamoja.

Sasa ukweli. Bwana Bendera ni baba yangu. Jina hilo walimpa watu baada ya siku ile, na mimi nikawa Mtoto wa Bendera shuleni, nikapungiwa vitambaa, madaftari na soksi kila nilipopita. Baba alitolewa kwenye kazi ya kutembea reli akawekwa kulinda ghala la mataruma ya reli yaliyooza, akakaa hapo mpaka alipostaafu. Treni na mkubwa wa serikali na saa tano za kutafuta ufa, hayo yalitokea. Ulevi niliuongeza mimi. Baba hanywi hata ile ya kuonja. Gagulo pia ni langu, yeye alipunga bendera ya kazi. Nilijiambia kwamba aibu ile ilinitesa utotoni, kwa hiyo ni mali yangu, nina haki ya kuila. Ndivyo nilivyojidanganya, na nilidanganyika bila shida.

Kazini waliponiuliza habari za wazazi nilisema baba ni mfanyabiashara mdogo. Nyumbani, mama alipouliza lini nitawapandisha hiyo treni, nilisema tiketi zimekwisha. Miaka miwili tiketi zinakwisha tu.

Mama si mtu wa kuzungushwa. Jumamosi moja niko jukwaani na sare yangu ya bluu, nawapokea abiria, nikasikia nyuma yangu: "Haya, shtuka basi! Tumekuja."

Walikuwa wamesimama pale, mama na kikapu, baba na koti lake la harusini lililopigwa pasi mpaka linang'aa viwikoni. Mama alikuwa amejipangia foleni ofisini kwetu mwenyewe, akanunua, akanyamaza. "Mtu anafanya kazi kwenye treni," alisema, "wazazi wake wanaiona kwa mbali tu kama mbuzi wa jirani! Baba yako hajapanda treni tangu walipomtoa."

Baba hakunitazama mimi kwanza. Aliinama akatazama gurudumu, kisha maungio ya mabehewa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akajifuta viatu kwenye ngazi kabla ya kupanda. "Umependeza, mwanangu," akasema.

Na mimi, badala ya kuwaamkia wazazi wangu, nilitazama kama Kipenga yuko karibu. Yuko karibu. Basi nikawaambia kwa sauti ile ile ninayowapa abiria wote: "Karibuni sana, behewa la tatu, mkono wa kushoto." Mama alinikata jicho. Baba alisema asante.

Kipenga akanivuta kijichumbani, uso unameremeta. "Leo utanipenda. Unajua tunakwenda wapi? Kwa Bendera!"

"Kwa nani?"

"Si ulinitajia mwenyewe mahali penyewe? Kilomita ya arobaini na mbili. Nimepata kibali. Tunafika pale, watu wanashuka, treni inarudi nyuma kidogo, kisha inakuja, na wao wanaisimamisha. Tazama." Akafungua boksi. Lilikuwa na bendera ndogo nyekundu za karatasi kwa abiria wote, na juu yake gagulo jekundu, jipya, lebo haijatolewa.

Nilikuwa na maneno manne tu ya kusema: baba yangu yumo humu. Yalinifika mpaka kwenye meno. Badala yake nilisema, "Leo nilikuwa nimeandaa kisa kingine, cha bwana harusi aliyeachwa stesheni."

"Unaumwa?" Kipenga akaniuliza. "Watu wamekata tiketi kwa ajili ya Bendera. Usiniharibie."

Nikafikiri haraka, kama wanavyofikiri waoga. Treni ilipoondoka nilipita behewa la tatu nikijifanya nakagua, nikapanda juu ya kiti kilichokuwa wazi, nikachomoa waya wa spika. Hakuna aliyeona, au hivyo nilidhani. Mama alikuwa akigawa karanga, baba amefumba macho, kichwa kimeegemea ukuta wa mbao, anasikiliza reli. Nikarudi kwangu nimepumua. Pale kwenye kilomita arobaini na mbili ningemwambia ni mchezo tu. Bendera ni bendera, kila mtu anazo.

Mapazia yakashuka.

Sijawahi kusimulia vizuri kama siku ile. Nilikuwa na uhakika masikio mawili ninayoyaogopa hayanisikii, na uhakika huo ulinilevya. Nilimfanya Bwana Bendera aongee kwa kuburuta ulimi. Nilimfanya aanguke kwenye kokoto akiapa kwamba reli ndiyo inayoyumba. Nilimleta na mkewe, mnene, anakimbia kando ya tuta anadai gagulo lake mbele ya mkubwa wa serikali. Hilo la mke halikuwemo kabla, nililitunga pale pale. Behewa la kwanza walikuwa wanajipiga mapaja. Nilisikia kicheko kikivuma kutoka nyuma ya treni pia, na sikujiuliza kinatoka mabehewa mangapi.

Mapazia yalipopanda nilipita kugawa bendera. Nikafika behewa la tatu. Abiria walikuwa wanajifuta machozi. Mama alikuwa anatazama nje, kikapu amekipakata.

Baba akanyoosha kidole juu ya mlango. "Waya wa spika ulikuwa umechomoka, mwanangu. Nimeurudisha." Akashusha kidole. "Unasikika vizuri."

Hakuwa anadhihaki. Baba hajui dhihaka. Ni mtu ambaye hawezi kuona kitu kimelegea akakiacha, na alikuwa ameona waya unaning'inia kwenye treni ambayo binti yake anafanyia kazi. Nilisimama na rundo la bendera mikononi, uso unawaka, natamani sakafu ipasuke nidondokee relini. Abiria mmoja akachukua bendera mikononi mwangu akamgawia baba. Baba akaipokea.

Tulipofika, Baba alishuka mlangoni polepole, akatazama jiwe la kilomita, akatazama kona ya reli mbele yake. Alipajua kabla hajasoma namba. Mama alibaki kwenye ngazi ya behewa akatupa kisogo.

Kipenga akapuliza kipenga chake. "Tunamtaka abiria mkubwa kuliko wote! Atakuwa Bwana Bendera wetu!" Macho yakazunguka, yakamwangukia baba, kwa mvi zake na koti lile. Wakamsukuma mbele kwa upendo. Kipenga akamkabidhi gagulo. "Mzee, unajua kuigiza mlevi?"

Nilikuwa hatua tano kutoka pale. Nilikuwa na mdomo, mdomo huu huu unaolisha watu vicheko kila wiki ya pili. Ulikauka.

Baba alilishika gagulo kwa vidole viwili. Akatafuta lebo, akaikata taratibu kwa meno, akaiweka mfukoni ili isianguke njiani. Kisha akaenda kusimama katikati ya reli, mbali zaidi ya pale alipoambiwa, miguu ameipanua, na treni ilipotokea hakuyumba wala hakupepesuka. Alikinyoosha kitambaa kwa mikono miwili kikawa bapa, akakipeleka kushoto na kulia, upande mmoja mpaka mwisho, kisha mwingine, bila haraka. Abiria walioanza kucheka wakajikuta wamenyamaza. Injini ilipiga mayowe ikafunga breki kabla ya alama iliyopangwa, na dereva akatoa kichwa nje ametokwa na jasho.

"Nani huyo?" dereva akauliza aliposhuka. "Nilisahau kama ni mchezo. Huyo ni mtu wa reli!"

Kipenga akamgeukia baba, amefurahi. "Kumbe! Mzee, umewahi kufanya kazi ya reli?"

Baba akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu jukwaani, na hakunitazama kwa hasira, alinitazama kama mtu anayemngoja mwenzake aanze kusema. Alinipa muda. Mimi nikainamia karatasi yangu ya orodha ya abiria, nikasoma majina ambayo hata leo siyakumbuki.

"Hapana," baba akamjibu Kipenga. "Niliona tu wengine wakipunga." Akalikunja gagulo mara nne akamrudishia.

Nimewahi kutukanwa, nimewahi kuachwa, nimewahi kufukuzwa kazi. Hakuna kilichonivua nguo kama ile hapana.

Treni ilipogeuza kurudi nilikwenda behewa la tatu, nikachuchumaa kati ya viti vyao kama mtu anayeokota kitu. Mama ndiye aliyeanza, kwa sauti ya chini.

"Gagulo jekundu. Mimi nilikuwa na gagulo jekundu lini?"

"Mama..."

"Nilikuwa nayo mawili, yote meupe, na moja nilikukatia wewe nepi. Uongo mwingine niutie kapuni, sawa. Lakini kumlevya baba yako?"

"Mwache," baba akasema. Alikuwa anachezea ile bendera ya karatasi, ananyoosha kona yake. "Mwanangu, umesimulia vizuri. Wamefurahi. Ila kuna kitu kimoja. Miaka yote hii hujawahi kuniuliza niliona nini."

Ni kweli. Niliamini kama walivyoamini watu wote, kwamba alichanganyikiwa. "Uliona nini, Baba?"

"Sikuona kitu."

Akaendelea bila kunitazama. "Siku ile ndiyo ulianza darasa la kwanza. Ulining'ang'ania mguu mlangoni, ukalia mpaka mwalimu akakushindwa. Nikasimama dirishani ili unione. Kila nikiondoka unalia, narudi. Nilipofika kazini treni ilishaachiwa kutoka stesheni, na kipande changu sikuwa nimekitembea. Kilomita tatu. Labda zilikuwa nzima. Zilikuwa nzima, wamezipima. Lakini mimi sikuzitembea. Sasa niwaache watu wapite juu ya njia ambayo sijaiona kwa macho yangu? Nikaisimamisha."

"Kwa nini hukuwaambia hivyo?"

"Niseme nimechelewa kazini kwa sababu mtoto analia? Nikasema nimeona ufa." Akaikunja ile bendera. "Hapo nilidanganya. Jina la Bendera halijaniuma sana. Ule uongo ndio ninaouonea haya, mpaka leo."

Mhudumu alipita akishusha mapazia. Nikainuka nikarudi mbele. Kijichumbani Kipenga alikuwa ananingoja na kipaza. "Wamalizie na vituko viwili vya mwisho," akasema. "Wamependa mno."

Nikakishika. "Abiria wapenzi," nikasema. "Yule mtu niliyewasimulia hakuwa mlevi. Hakupunga gagulo, alipunga bendera. Nilidanganya. Bwana Bendera ni baba yangu mzazi, na yumo humu ndani."

Kisha treni nzima ikalipuka. Hawajawahi kucheka vile. Mtu wa behewa la kwanza alipiga yowe, "Huyu dada ataniua!" Kipenga alikuwa ameinama, ameshika magoti, ananionyesha dole gumba.

"Ninasema kweli," nikasema. "Ni baba yangu. Ananisikia." Wakapiga makofi. Nikasema mara ya tatu, sauti ikanikatika, nao wakashangilia namna nilivyoigiza kilio. Miaka miwili nilikuwa nimewafundisha kwamba nikifungua mdomo wacheke, na walikuwa wamefuzu.

Nikakiweka kipaza chini nikatoka. Nikapita behewa la kwanza, la pili, katika giza lile, watu wananipiga mgongoni kwa furaha. Behewa la tatu nao walikuwa wanacheka, wote isipokuwa wawili. Nikapandisha pazia la dirisha lao, siri au si siri, mwanga ukawamulika. Nikapiga magoti mbele yake.

"Baba," nikasema, kwa sauti ya kusikika. Ndiyo mara ya kwanza siku ile kumwita hivyo mbele za watu. "Nisamehe."

Waliokuwa karibu walitazama uso wake, wakatazama wangu. Tumefanana mno, pua, paji, kila kitu. Kicheko kikafa kiti kwa kiti mpaka mwisho wa behewa. Mwanamke mmoja aliificha bendera yake chini ya mkoba.

"Inuka," baba akanong'ona. "Watu wanatuangalia. Inatosha, mwanangu."

"Bado mabehewa mengine," nikamwambia. Nikajifuta uso kwa mkono wa sare, nikafungua mlango wa behewa la nne. Walikuwa bado wanacheka, na mmoja aliponiona akapaza sauti, "Dada, rudia pale pa gagulo!"